Kupanga safari ya miguu ya maili 223 kwenye Njia ya Ouachita

Wengi wanaopanga kutembea Njia ya Ouachita, huko Oklahoma na Arkansas, Marekani, huanza na hesabu moja: maili 223 ugawe kwa siku za likizo. Jibu linatoka maili 15 kwa siku, linaonekana linawezekana, tiketi inakatwa. Siku ya tatu mtu yuko juu ya mgongo wa mlima saa kumi na moja jioni, chupa zimekauka, na kijito kilichochorwa kwenye ramani kimebaki mawe matupu. Njia hii haipangwi kwa maili. Inapangwa kwa maji kwanza, halafu chakula, halafu mwanga wa jua; maili hujipanga zenyewe baada ya hapo.

Sababu iko kwenye umbo la nchi. Milima ya Ouachita imelala mashariki-magharibi, na njia inapanda juu ya migongo yake, inafuata ukingo kwa saa kadhaa, inashuka kwenye penyo, inapanda tena. Si milima mirefu. Sehemu ya juu kabisa ya njia ni karibu mita 800, upande wa mlima Rich, na mwisho wa mashariki uko chini ya mita 100. Lakini maji yako chini na wewe uko juu. Mvua ikinyesha kwenye migongo ile ya mawe hukimbilia mabondeni kwa haraka, na chemchemi ndogo za juu hukauka kiangazi kikikolea.

Njia inaanzia Talimena State Park, karibu na mji mdogo wa Talihina huko Oklahoma, na kuishia Pinnacle Mountain State Park, nje kidogo ya Little Rock, Arkansas. Ni kilometa 359 hivi. Karibu maili 192 ziko ndani ya Msitu wa Taifa wa Ouachita, ulioanzishwa 1907. (Jina hutamkwa kama "Woshito". Ukilisoma lilivyoandikwa dukani katika mji wa Mena utaeleweka, ila baada ya kimya kidogo.) Alama ya njia ni mstatili wa buluu uliopakwa kwenye miti, rangi nyeupe ni ya njia za pembeni, kwa mfano zile zinazokwenda kwenye vibanda vya kulala. Nguzo za maili zinahesabu kutoka magharibi, sifuri ikiwa Talimena. Kutembea bure, kulala msituni bure, kibali hakihitajiki. Huo urahisi ndio huwafanya watu wasipange.

Mwezi kwanza

Kipindi kizuri ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Aprili. Juni hadi Septemba usijaribu safari nzima: joto hupita nyuzi 32 mara kwa mara, unyevunyevu ni wa kukamua shati, vijito vimekauka, majani na miiba imefunika njia, na kupe ni wa kuhesabu kwa kumi kumi.

Kila mwezi wa msimu mzuri una kasoro yake. Oktoba hali ya hewa ni nzuri lakini maji ni haba kuliko wakati mwingine wowote wa msimu, kwa kuwa mvua za vuli bado hazijajaza vijito. Novemba maji yanarudi, na wawindaji wa kulungu pia. Desemba na Januari huna mdudu hata mmoja na mwonekano ni mpana kwa sababu mialoni imepukutisha majani, ila mchana ni mfupi, chini kidogo ya saa kumi za jua, na usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Wakati mwingine mvua huganda juu ya matawi na kuyaangusha njiani. Machi maji ni tele na miti inachipua, lakini ndio mwanzo wa dhoruba za radi na vimbunga. Aprili kupe wameamka.

Kwa safari ya kwanza chagua mwanzo wa Novemba kabla ya msimu mkuu wa bunduki, au wiki tatu za kwanza za Machi. Kama huna hiari ila Oktoba, fuatilia mvua ya mwezi uliotangulia. Wiki nne bila mvua ya maana zinatosha kuahirisha.

Maji ndiyo ratiba

Pata ramani ya mistari ya kontua ya kipimo cha 1:24,000 ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, au ramani ya kidijitali yenye tabaka hilo. Kaa na penseli. Tembeza kidole kwenye njia kutoka maili sifuri na uandike kila mahali njia inapokata mstari wa buluu. Mstari usiokatika ni mto au kijito cha mwaka mzima. Uliokatika kwa vinukta ni cha msimu. Vya msimu visihesabiwe kabisa isipokuwa Januari hadi Aprili. Hata vile vya mstari mzima, mwezi wa Septemba na Oktoba unaweza kukuta madimbwi tu yaliyotulia. Ni maji ya kunywa ukishayachuja, ila uyatafute kwa kushuka hatua mia mbili chini ya kivuko, mahali mawe yanapoziba.

Sasa chora jedwali la safu tano: maili ya kuanzia, maili ya kulala, maji ya uhakika ya mwisho, umbali hadi maji ya uhakika yanayofuata, lita za kubeba. Safu ya tano ndiyo itakayokuambia kama siku hiyo inawezekana.

Tuchukue siku ya mfano. Maji ya uhakika yapo kwenye maili ya tano ya siku yako, na yanayofuata yapo maili ya kumi na sita. Katikati ni maili 11, karibu kilometa 18. Kwa mwendo wa kilometa 3.5 kwa saa ni saa tano na kidogo. Hali ya hewa ikiwa ya baridi ya wastani, nusu lita kwa saa inatosha: lita 2.5. Lakini kama ratiba inakulaza katikati ya kipande hicho, ongeza lita moja na nusu ya kupika jioni, chai na uji wa asubuhi, na nusu lita ya akiba. Zimefika lita 4.5, yaani kilo 4.5 juu ya mgongo wako unapoanza kupanda.

Wazoefu huukwepa mzigo huo kwa hila rahisi: wanapika chakula cha jioni palepale kwenye maji, saa tisa au kumi, wanakula, wanakunywa hadi washibe, wanaosha sufuria, ndipo wanabeba lita tatu na kutembea saa moja au mbili zaidi hadi mahali pakavu pa kulala. Kilo moja na nusu imebaki tumboni badala ya mgongoni. Faida ya pili: harufu ya chakula imebaki mbali na hema, jambo ambalo dubu wa Ouachita hulizingatia kuliko watu wengi.

Beba vyombo vya lita tano hata kama siku nyingi utajaza viwili tu: chupa mbili za plastiki za lita moja na mfuko mmoja wa kukunja wa lita tatu. Kichungi cha nyuzi chenye matundu ya maikroni 0.1 kinatosha kwa bakteria na vimelea. Kikishalowa mara ya kwanza, kisigande kamwe. Maji yaliyobaki ndani ya nyuzi yakiganda yanapanuka na kuzipasua, na kwa macho huoni kitu. Kichungi kitaendelea kupitisha maji, tena kwa kasi nzuri ya kukufurahisha, bila kuchuja chochote. Usiku wa baridi kikung'ute, kitie kwenye mfuko mdogo wa nailoni, ulale nacho ndani ya mfuko wa kulalia. Akiba yake iwe vidonge vya klorini dayoksaidi: nusu saa kwa bakteria, saa nne kama unaogopa kimelea kiitwacho kriptosporidiamu. Kuchemsha hadi maji yatokote kwa dakika moja kunatosha kwenye mwinuko huu.

Mwanga wa jua na mwendo wa kweli

Mwendo wa mtu aliyebeba kilo 13 kwenye njia ya mawe si kilometa tano kwa saa. Hesabu kilometa 3.5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, kisha saa moja na nusu ya kula, kuchota maji na kukaa tu. Siku ya kilometa 22 yenye mita 700 za kupanda: saa 6 na dakika 20, jumlisha saa 1 na dakika 10, jumlisha saa 1 na nusu. Saa tisa. Desemba unabakiwa na saa moja tu ya mwanga ya kukunja na kusimamisha hema. Siku hiyo inawezekana Machi, Desemba ifupishe.

Kipande cha magharibi, maili 50 za kwanza, kina mawe mengi na miinuko mikali kuliko vyote. Huko panga maili 8 hadi 10 kwa siku. Katikati na mashariki unaweza kufika 13 hadi 16. Safari nzima kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni siku 17 hadi 20. Weka siku mbili tupu ndani ya ratiba, moja kabla ya maili ya 100 na nyingine baadaye, kwa ajili ya mto uliofurika au kisigino kilichochunika. Asiye na siku hizo mbili huvuka mto ambao hakupaswa kuuvuka, kwa kuwa dereva anamsubiri kesho.

Uanzie upande gani? Hoja ya kuanzia mashariki ni kwamba miguu inazoea kwenye ardhi laini kabla ya mawe. Hoja ya kuanzia magharibi ni kwamba nguzo za maili zinahesabu kutoka huko, maelezo mengi yameandikwa hivyo, na unamalizia karibu na Little Rock, kwenye uwanja wa ndege na hospitali. Ya pili ina uzito zaidi, mradi ukubali kwenda polepole siku tano za kwanza.

Usafiri na chakula

Vyote viwili hupangwa pamoja kwa sababu mara nyingi mtu wa kuvifanya ni mmoja. Hakuna basi linalokupeleka mwanzo wa njia. Utaacha gari mwisho na kulipa mtu akupeleke mwanzo, au utashuka ndege Little Rock na kupanga usafiri hadi Talimena, mwendo wa saa tatu na zaidi. Fanya mipango hiyo wiki sita kabla. Gari liwe mahali unapoishia, siyo unapoanzia. Ukichelewa siku mbili gari halikuulizi, dereva anakuuliza.

Katika mazungumzo hayohayo, mwulize dereva kama anaweza kuacha boksi la chakula njiani au kulileta siku fulani kwenye barabara fulani. Vituo vya kugawa safari ni hivi:

Kituo cha kwanza ni Queen Wilhelmina State Park, karibu na maili ya 51, ambapo njia inapita karibu na hoteli yenye mgahawa. Kutoka Talimena ni siku tano. Piga simu kabla ya kutuma boksi, uulize kama wanapokea, wanalihifadhi kwa muda gani, na jina liandikwe vipi. Juu ya boksi andika jina lako na tarehe unayotarajia kufika.

Kinachofuata ni barabara ya 27, karibu na maili ya 94, jirani na kijiji cha Story. Siku nne. Usitegemee duka la kijijini kwa chakula cha siku nyingi bila kuuliza kwanza lina nini.

Halafu barabara ya 7, karibu na maili ya 121. Hapa hakuna duka kwenye kivuko. Ni mahali pa kukutana na dereva, na ndipo panapofaa kwa boksi kubwa kuliko yote, kwa sababu mbele yako kuna karibu maili 100 hadi mwisho: siku saba au nane. Mzigo wa chakula cha siku nane ni kilo sita na nusu. Kama hauwezekani kwako, panga kukutana tena kwenye barabara ya 9, karibu na maili ya 160, na ugawe kipande hicho mara mbili.

Kiasi cha chakula: gramu 800 hadi 850 kwa siku, zenye kalori zaidi ya 3,000. Chini ya hapo utamaliza safari, lakini wiki ya pili utakuwa unaota ugali. Kipimo cha kuchagulia ni kalori kwa gramu. Wali mkavu na tambi ni karibu 3.6, karanga 5.7, mafuta ya zeituni karibu 9. Tende ni 2.8 tu, ila mwili huzitumia upesi kwenye kupanda, kwa hiyo zibaki. Siku moja inaweza kuwa hivi: oti gramu 100 na maziwa ya unga 40 asubuhi, karanga 120, tende 80 na chokoleti 60 za kula ukitembea, chapati mbili za gramu 130 kwa jumla na siagi ya karanga 60 mchana, tambi 130, samaki wa pakiti 75 na vijiko viwili vya mafuta jioni. Jumla ni kama gramu 825 na kalori 3,300 na ushee. Fungasha kila siku kwenye mfuko wake na uandike namba. Mifuko isiyo na namba huliwa vitu vitamu vyote siku mbili za kwanza, kisha inabaki oti.

Mtungi wa gesi wa gramu 230 huchemsha takribani lita 15 kukiwa na kizuia upepo na hewa isiyo ya baridi kali. Ukichemsha lita moja na nusu kwa siku, ni siku kumi. Mtungi hauruhusiwi kwenye ndege, wala mzigo wa chini wala wa mkononi, kwa hiyo ununue ukishafika, na wa pili uwe kwenye boksi analoleta dereva.

Mzigo

Uzito bila chakula na maji usizidi kilo 9. Vitu vitatu vinabeba nusu yake: shanta, hema, na mfuko wa kulalia pamoja na godoro lake. Hapo ndipo pa kupunguza. Kukata mpini wa mswaki ni burudani tu. Mfuko wa kulalia uwe wa kiwango cha starehe cha nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Novemba hadi Machi, na usome neno "starehe" kwenye lebo, siyo lile la "kikomo", ambalo maana yake ni kwamba utalala, ila umejikunja. Godoro la hewa au la povu ni la lazima hata kwenye vibanda. Vibanda hivyo, vilivyojengwa na kutunzwa na wajitolea wa kikundi cha Friends of the Ouachita Trail, vina paa na sakafu lakini upande mmoja uko wazi, na vinaweza kuwa vimejaa. Hema lisiachwe nyumbani kwa kutegemea kibanda.

Nguo za pamba zisiingie. Baridi inayoumiza watu hapa ni mvua ya nyuzi 5 yenye upepo, zaidi ya theluji. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili. Sufu au polista ya kuvalia ndani, koti la mvua, na seti moja kavu ya kulalia ambayo haivaliwi mchana hata iweje. Seti hiyo iwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito ulio ndani ya shanta. Kifuniko cha nje cha shanta huachia maji mgongoni, upande ule ule usiouona.

Kuvaa shanta kuna utaratibu. Legeza mikanda yote. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, uwe umekaa juu ya mfupa wa nyonga, si tumboni. Ndipo uvute mikanda ya mabega mpaka iguse tu, halafu ile midogo ya juu ya bega kwa kiasi. Ukiweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega bila kusukuma, uzito uko nyongani. Mabega yakiuma saa ya kwanza, mkanda wa kiuno umeshuka. Usikaze mabega, rudia mwanzo.

Viatu vitembelewe angalau kilometa 80 kabla ya safari, na viwe nusu saizi hadi saizi moja zaidi, kwani miguu huvimba. Ukihisi moto kidogo mahali kwenye mguu, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta. Dakika kumi za kusimama ni nafuu kuliko siku mbili za kuchechemea. Wengi wanajua hili na bado wanasema "nitasimama pale mbele".

Anza mazoezi wiki nane kabla: mara tatu kwa wiki, na siku moja ndefu yenye mzigo, ukianza na kilo 5 na kufika uzito kamili wiki ya sita. Wiki ya saba lala nje usiku mbili na vifaa vyote. Utarudi na orodha ya vitu vya kuacha.

Mito

Hakuna madaraja mengi. Sehemu ya juu ya mto Kiamichi, Oklahoma, njia inauvuka mara kadhaa, na baada ya mvua kubwa vijito vingine vya kurukia mawe hugeuka kuwa mito ya kufika kiunoni. Katika msitu huuhuu, usiku wa tarehe 11 Juni 2010, mto Little Missouri ulipanda zaidi ya mita tano ndani ya saa chache kwenye kambi ya Albert Pike na kuua watu 20 waliokuwa wamelala. Mabonde haya ni membamba na miteremko ya mawe hainyonyi maji. Kwa hiyo usilale kwenye uwanda ulio sawa na ukingo wa mto, hata kama nyasi zake zinakuita.

Kuvuka: maji yakizidi goti na yanakimbia, usivuke. Subiri. Vijito hivi hupungua upesi kama vilivyopanda; mara nyingi saa sita hadi kumi na mbili zinatosha, na hiyo ndiyo kazi ya siku mbili tupu. Ukivuka, fungua mkanda wa kiuno na wa kifua ili ukianguka uweze kutoka kwenye shanta. Viatu vivaliwe. Geuza uso upande maji yanakotoka, fimbo mbele yako, na usogeze kitu kimoja tu kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Tafuta mahali papana. Palipo pembamba panavutia kwa kuwa ni karibu, lakini ndipo penye kina na kasi.

Dubu, kupe na wengineo

Dubu weusi wapo, na kwa kawaida hukimbia. Wanachotaka ni mfuko wa chakula. Tundika mfuko mita nne kutoka ardhini na mita mbili kutoka kwenye shina, hatua mia moja kutoka hema, na mswaki na sabuni viwe ndani yake. Tafuta tawi kabla giza halijaingia; kurusha kamba yenye jiwe gizani ni kazi ya kujipasua paji la uso. Beba kamba ya mita 15.

Kupe ni tatizo kubwa kuliko dubu. Wanaeneza homa kadhaa, na kupe mwenye doa jeupe mgongoni anaweza kusababisha mzio wa nyama nyekundu unaokaa miaka. Pulizia suruali, soksi na viatu dawa ya kuua wadudu, permethrini ya asilimia 0.5, nje ya nyumba, siku moja kabla, ikauke kabisa. Haipakwi kwenye ngozi. Kwenye ngozi tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Kila jioni kagua kwapa, kinena, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio. Aliyekwisha kung'ata avutwe kwa kibano, kimshike karibu kabisa na ngozi, moja kwa moja bila kuzungusha. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta humfanya ateme alichonacho ndani yako. Ukipata homa au upele ndani ya wiki mbili au tatu, mwambie daktari ulikuwa msituni Arkansas.

Nyoka wenye sumu, akiwamo yule anayetikisa mkia kama kayamba, hukaa kwenye mawe na magogo wakati wa joto. Kanyaga juu ya gogo, tazama ng'ambo, ndipo ushuke.

Simu za kupigwa kabla ya kuondoka

Wiki mbili kabla, na tena siku mbili kabla, piga simu kwenye ofisi za wilaya za msitu unaopita. Uliza mambo matatu. Je, kuna uchomaji wa msitu uliopangwa? Idara ya Misitu huchoma maeneo makubwa ya misonobari hapa kwa makusudi, hasa majira ya baridi na kuchipua, na kipande cha njia kinaweza kufungwa kwa siku chache. Je, kuna marufuku ya moto? Na je, kuna miti iliyoanguka? Ndani ya hifadhi za nyika kama Upper Kiamichi na Flatside misumeno ya mota hairuhusiwi, kila gogo hukatwa kwa mkono, kwa hiyo baada ya dhoruba maili moja inaweza kukulia saa mbili.

Msimu wa bunduki wa kulungu Arkansas huangukia kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba. Tarehe hutangazwa kila mwaka. Ukitembea wakati huo vaa fulana na kofia za rangi ya chungwa inayong'aa, na shanta pia uifunike rangi hiyo, maana ukiinama kuchota maji kinachoonekana ni shanta. Kahawia na nyeupe ziache nyumbani. Kulungu ana mkia mweupe.

Upande wa mashariki sheria zinabadilika. Kandokando ya Ziwa Maumelle umetoka kwenye msitu wa taifa, na ziwa hilo ndilo linalonywewa na Little Rock: hakuna kuogelea, na kulala ni mahali palipotengwa tu. Panga usiku wa mwisho au wa pili kutoka mwisho kwa kuzingatia hilo, la sivyo utatembea maili 20 siku ambayo miguu imekwisha.

Karatasi ya kuacha

Mabondeni simu haishiki. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kina thamani yake hapa, ila bado kunahitajika mtu nyumbani mwenye karatasi. Iandikwe majina ya walio safarini, rangi ya hema na shanta, namba ya gari na lilipoegeshwa, maili ya kulala kila usiku kutoka kwenye lile jedwali, na dawa unazotumia. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, tarehe na saa ya kupiga simu kwa ofisi ya sherifu kama hujasikika. Saa hiyo iwe angalau ishirini na nne baada ya muda unaotarajia kumaliza, na mkubaliane kabla kwamba hatapiga mapema kwa wasiwasi wala hatachelewa kwa aibu.